Kwa stage nilijificha nikapigiwa makofi, nyumbani nimepewa ufunguo nimfiche kaka yangu

Admin, ficha jina langu tafadhali, ingawa kuficha watu ndiyo kitu imenichosha mpaka naandika hapa.

Mimi ni msichana wa miaka 18, Form Three, niko shule ya bweni hapa Makueni. Kwetu ni Kitui. Tumezaliwa watatu: dada yangu mkubwa ambaye anaolewa, kaka yangu nitamwita Mutua, halafu mimi. Mutua ana kifafa tangu akiwa mdogo. Anaongea pole pole, lakini akili ako nazo, na mbuzi zetu zote anazijua kwa sauti.

Term hii drama club tulifanya mchezo wa vita. Familia moja inaishi imejificha kwa chumba kidogo nyuma ya duka, na askari wakipita nje wote wanashika pumzi. Mimi ndiye yule msichana anashikwa na kikohozi, anajiziba mdomo na kitambaa mpaka machozi inatoka. Mwalimu akaniambia, "Wewe unanitia baridi. Hiyo ulijifunza wapi?" Nikacheka tu. Nilijifunza kwa Mutua.

Wageni wakija kwetu, iwe ni fellowship ama jamaa wa mbali, Mutua anaingizwa kwa stoo ya mahindi na mbaazi. Anapewa beseni ya haja na kitambaa ya kujiziba mdomo, halafu Mum anafungua redio juu, nyimbo za injili. Wageni wakienda mimi ndiye nafungua. Woi, ile harufu! Mkojo imechanganyika na poda ya kuua dumuzi wa mahindi, na yeye anaangalia chini kama ni yeye amekosea watu. Kitu anauliza ni moja tu: "Wameenda?"

Sasa baada ya mazoezi mwalimu alituketisha, kila mtu aseme mchezo umemgusa aje. Mmoja akasema yeye angewaficha wote chini ya kitanda yake. Mwingine akashukuru Mungu ati siku hizi hakuna binadamu anaishi hivyo. Wanapangusa machozi kabisa. Ikafika kwangu nikasimama nikasema, "Kwetu kuna mtu anaishi hivyo." Wakaangua kicheko, walidhani bado naigiza. Nikaketi.

Siku ya wazazi tukaigiza. Mum alikaa mstari wa mbele na kitenge yake ya kanisa. Askari wakigonga mlango, alilia. Akaombwa aseme neno kwa niaba ya wazazi, akashika maikrofoni: "Jamani, mtu kuishi kwa kona kama panya, aogope hata kukohoa! Waliofanya wenzao hivyo hawamjui Mungu." Makofi ikapigwa. Mimi nilienda nyuma ya madarasa nikatapika chapati zote alikuwa ameniletea.

Tumefunga shule, niko nyumbani. Jumamosi watu wa bwana ya dada wanaleta mbuzi za ntheo. Kama humjui Mkamba, hizo mbuzi zisipoletwa, msichana hajaolewa, hata akae kwa huyo mwanaume mpaka azeeke. Mum ameniita jikoni akanipa ufunguo ya stoo. "Wewe ndiye Mutua anasikia. Wakiuliza, tuko na wasichana wawili tu. Wakijua kuna kifafa kwa hii boma watarudi na mbuzi zao."

Nikamuuliza, "Na akianguka huko ndani, kama ile siku ya fellowship?"

"Redio itakuwa juu."

Haki ya Mungu hivyo ndivyo alinijibu, akiendelea kuchagua mchele. Huo mchele sijui nitaumeza aje.

Baba anajifanya hajui chochote. Dada naye alinifuata choo, akanishika mkono. "Usiniharibie. Niolewe kwanza, hiyo ya Mutua tutawaambia baadaye." Nampenda dada yangu, amenilea, na huyo bwana yake ni mtu mpole, hajawahi kuulizwa kama kifafa inamtisha. Lakini saa hii hata kumwangalia dada akikula siwezi. Sisi wote kwa hii nyumba tunanuka kuliko hiyo beseni.

Jana nilipata Mutua anafagia stoo mwenyewe, hakuna mtu alimtuma. Amesukuma magunia, ametandika gunia tupu ya kukalia. Amefurahia hii siku kuliko sisi wote, juu zile mbuzi zitabaki ni yeye atazichunga. Ameninong'onezea, "Wakifika, unaniletea mlio yao. Uniambie ziko na rangi gani."

Nikifungua huo mlango wageni wakiwa wameketi, naweza kuvunja ndoa ya dada yangu. Nikiufunga, ni mimi nimemfungia. Nishaurini wenzangu, nifanye nini Jumamosi? Na msiniambie niombe, kwa sababu kwetu tunaomba sana, na redio ikiwa juu.