Chai ya Mgeni

Mama alipougua nimonia, hospitalini Katesh walimruhusu na vidonge na agizo: avimalize vyote, na anywe vitu vya moto kwa wingi. Nikarudi Mogitu kumuuguza, nikageuka mpika chai.

Kwetu mgonjwa haachwi peke yake, na mgeni haondoki bila chai. Basi walikuja tangu asubuhi, kila mmoja na tangawizi yake na maneno yale yale yanayosambazwa kwenye simu: "Chai ya tangawizi inaongeza kinga ya mwili, mpe sana." Jirani mmoja alileta mchaichai, mwingine maziwa. Mimi nilipuliza kuni mbichi mpaka macho yakavimba, nikaosha vikombe, nikapuliza tena. Nilichoka mpaka nikawachukia. Kinga ya nani inaongezwa hapa, nilijiuliza, kama wanaomaliza birika ni wazima?

Kisha mvua ikanyesha kutwa, njia ikawa tope tupu, hakuna aliyekuja. Nilishukuru. Nikampelekea mama kikombe chake. Akakigusa mdomoni, akakirudisha. Mchana hivyo hivyo. Jioni alimeza vidonge kwa funda moja la maji, midomo imemkauka, nami nikaogopa kweli. Nilibembeleza, nikafoka.

"Sina hamu," alisema, akageukia ukutani.

Ndipo nikaelewa. Siku zote mama alikuwa anakunywa kwa ajili ya wageni. Yeye ndiye mwenye nyumba; angemwachaje mgeni anywe peke yake?

Nikatoka nje kwenye mvua, nikafunga mlango, nikabisha.

"Hodi! Shikamoo mama."

Kisha sauti ikakwaruza: "Marahaba. Karibu. Unatoka wapi na mvua hii?"

"Gendabi, mama. Nimekuja kuangalia mgonjwa," nikasema nikiingia.

"Pole na safari." Akajiinua kwa kiwiko. "Binti yangu yuko jikoni, mvivu yule. Atatuletea chai."

Mvivu! Nikaenda jikoni, nikaleta vikombe viwili. Nilimshikia chake. Akanywa, akapumzika, akanywa tena mpaka vipande vya tangawizi vikaonekana chini. Kisha akanitazama sana.

"Kunywa na wewe, mgeni. Umekonda."

Nikaketi. Tangu nirudi nyumbani sikuwa nimekunywa chai ikiwa bado ya moto. Niliinywa yote, nikilia, na mama akajifanya haoni.