Somo la Nusu na Robo

Mama alinipigia nikiwa kazini Morotonga. Hata shikamoo yangu hakuisubiri.

"Mura, sauti ya dada yako imeanza kunipotea. Njoo unifungulie ile kompyuta."

Dada alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kabla ya kuugua alirekodi somo la hesabu kwa sauti yake, akalihifadhi kwenye kompyuta ya chogo iliyoko sebuleni kwetu Nyarero. Aliniomba nilisikilize, nimwambie kama linafaa. Nikawa namjibu kesho, kesho kutwa, mpaka tukamzika. Ni mwaka wa tatu sasa, na hatuna kitu kingine chenye sauti yake.

Nilifika Jumamosi asubuhi, mama ameshafuta vumbi na kuketi. Nikalifungua somo kwenye kivinjari. Likatokea boksi jeupe: plagini imezuiwa. Plagini ni kiprogramu kidogo kinachopachikwa kwenye kivinjari ili kicheze vitu vya namna hiyo, na ya kwetu hata walioitengeneza walishaitupa. Nikaiondoa, nikaipachika upya kwa faili nililokuja nalo kwenye flashi. Boksi lile lile. Nikaipiga kompyuta kofi.

"Usiipige," mama akasema. "Mwenzio alikuwa anaipangusa kila siku."

Niliona aibu, maana mimi ndiye mkubwa.

Baadaye nikakumbuka kwamba plagini ile iliwekewa siku ya mwisho ya kufanya kazi, na siku hiyo inaiangalia kwenye saa ya kompyuta. Nikairudisha saa nyuma miaka kadhaa. Mama akasogea, akaisoma tarehe kwa kidole.

"Mwaka huu alikuwa mzima."

"Ndiyo, mama."

"Basi uache hapo hapo."

Nikabonyeza. Sauti ikatoka, ina mikwaruzo kidogo, lakini ni yeye.

"Hamjambo, watoto?" Akanyamaza, kuwapa wanafunzi nafasi ya kujibu. Kisha akafundisha nusu, akafundisha robo, huku chapati ikikatwa kwenye picha. Mama hakuitazama chapati. Alifumba macho. Mimi nililia, wala sikujificha.

"Mmeelewa?" dada akauliza, akanyamaza tena.

"Sijaelewa, mwanangu," mama akasema. "Sijaelewa hata kidogo."

"Vizuri sana," dada akasema. "Tuendelee."