Kinachochelewa Kuyumba

Nchi kavu, shangazi yangu hutia chumvi kwenye chai akidhani ni sukari. Lakini mshushe kwenye matumbawe na mtungi wa hewa mgongoni, wazamiaji anaowaongoza wakimfuata nyuma, utadhani kabadilishiwa macho. Huning'inia kichwa chini, mikono kaifumbata kifuani asije akagusa kitu, akilikodolea macho tawi moja linaloyumba na maji mpaka sisi wengine tuchoke. "Sitafuti mnyama," huniambia. "Natafuta kinachochelewa kuyumba." Akikipata, huugonga mtungi kwa kijiti chake cha chuma, ting, taratibu kama mgeni anayebisha hodi. Kwake, kucheka huko chini ni mwiko: mashavu yakipanda, miwani ya kuzamia huachia na maji huingia.

Asubuhi ile mwenye boti alimwambia mbele yetu, "Shangazi, wiki nzima hatujaona farasi-bahari. Macho yamechoka. Kesho atashuka mwingine." Shangazi alitemea mate kioo cha miwani yake, akakisugua kwa kidole kisipate ukungu, akazama. Mwenye boti naye akazama, ajionee. Tulikaa sana mbele ya tumbawe moja la waridi lililotanda kama upepeo. Kisha, ting. Kwenye ncha ya kijiti, mdogo kama punje ya mchele, mwenye vinundu vya waridi kama tumbawe lenyewe, farasi-bahari alikuwa amejishikiza kwa mkia. Mwenye boti akasogeza uso, akarudi nyuma, akasogeza tena, kisha akapiga makofi ambayo maji yaliyameza. Nikamgeukia shangazi. Maji yalikuwa yakipanda ndani ya miwani yake, yakafika puani, yakafika machoni, wala hakuwa na haraka ya kuyatoa.