Jezi Nyekundu na Kiwanja cha Bunda

Kuna siku moja ya msimu wa pamba ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, na tangu niliposikia umechaguliwa diwani nimekuwa nikikuwekea wewe. Kaa, chai ipo. Habari yenyewe ni fupi, mimi ndiye ninayeirefusha.

Wakati huo Mwingereza bado yupo, na Bunda ilikuwa maduka machache kando ya barabara ya Musoma. Tulikuwa na kiwanja kimoja tu cha mpira. Kilikuwa cha baraza la mtemi, maana yake kilikuwa cha wote: vijana tulicheza mpira, akina mama walicheza ngoma baada ya mavuno, na mbuzi walituachia mbolea ambayo hatukuiomba. Bwana Salumu, mfanyabiashara wa pamba, alikitaka ajenge ghala. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Barazani kwa duka lake palikuwa na benchi la yeyote aliyechoka jua, na maji ya mtungi hayakukosekana. Tena baraza la mtemi lilikuwa na shida ya kweli, kwa sababu zahanati yetu ilivuja, na bei ya kiwanja ingetosha kuiezeka kwa bati.

Wazee wakagawanyika, nusu huku nusu kule. Mwishowe wakaafikiana kwamba vijana waulizwe, na watakalosema ndilo litakalofuatwa. Mimi nilikuwa kapteni wa timu, kwa hiyo mdomo wa kusemea vijana ulikuwa wangu. Bwana Salumu aliposikia hayo akatuita dukani, akatupa jezi nyekundu za timu nzima na mpira mpya wa ngozi. Mwanangu, mpira wetu wa zamani ulikuwa matambara yaliyofungwa kwa kamba ya katani! Tukavaa papo hapo, tukakubaliana kwamba kesho nitasema kiwanja kiuzwe. Wahenga walisema usitupe mbachao kwa msala upitao, lakini wahenga hawakuwahi kuvaa jezi nyekundu.

Nikaenda kifua mbele kwa baba yangu mkubwa, Mzee Manyama, ambaye alikuwa mjumbe wa baraza. Alinitazama kutoka juu mpaka chini, akanusa ugoro, akapiga chafya zake kwa raha bila haraka yoyote.

"Imekukaa vizuri," akasema. "Baraza ni kesho. Leo chezeni, nitapita niwaone. Ila kile kiwanja mhesabu kimeshauzwa. Tafuteni pengine."

Tukaona hilo ni jambo dogo. Nchi yote ile, pa kupigia mpira pakosekane? Tukaanzia kwenye shamba la baba yangu lililokuwa limelala mwaka ule. Baba akatoka na fimbo, akasema shamba limepumzishwa, halikupumzishwa ili likanyagwe na miguu ya wavivu. Tukahamia nyuma ya kanisa. Katekista akatupokea kwa upole sana, akatuonyesha miche yake ya michungwa, akatushika mikono na kututoa nje kwa upole uleule. Tukasogea karibu na soko, ambako akina mama walikuwa wameanika makopa yao ya muhogo. Hapo hatukumaliza hata robo ya mchezo. Mpira uliangukia katikati ya makopa, na mama mmoja mnene, Nyabise, akauokota akaufutika ndani ya kanga yake. Hakuutoa mpaka timu nzima, kapteni mbele, tulipopiga magoti na kuokota kila kipande na kukifuta mchanga. Soko zima lilikuja kutazama. Kama ni watazamaji, siku ile tulipata wengi kuliko siku zote.

Barabarani nako lori la pamba lilitupigia honi mpaka masikio yakaziba. Jua likaanza kuinama, jezi zimejaa vumbi na jasho, na mpira mpya haujaona goli. Miguu ikatupeleka yenyewe kwenye kiwanja chetu. Tukamkuta Mzee Manyama ameweka kigoda chake katikati kabisa, pale mpira unapoanzia.

"Mmechezea wapi?" akauliza.

Tukamwambia hatujacheza.

"Basi poleni. Na hapa pia msicheze, wanangu. Hapa pana mwenyewe. Nyie wenye nguvu mmefukuzwa mji mzima kwa siku moja tu. Wadogo zenu mtawafukuzisha kila siku."

Akabeba kigoda chake akaenda zake. Nilisikia aibu, mwanangu, aibu ya kweli, ingawa wenzangu walianza kucheka na mwishowe nami nikacheka.

Kesho yake nikaingia barazani na jezi zote zimekunjwa kwapani. Unajua desturi yetu: ng'ombe anauzwa, lakini kamba haiuzwi. Unabaki nayo nyumbani, ili baraka ya mifugo isikuhame, na siku moja uifunge kwa ng'ombe mwingine. Nikasimama, mtemi ananitazama.

"Wazee wangu," nikasema, "sisi tunauzaga ng'ombe, tunabaki na kamba. Kiwanja kikiuzwa, tunabaki na jezi. Kamba itapata ng'ombe mwingine. Jezi hizi tutazivalia wapi?"

Nikaziweka mbele ya Bwana Salumu. Kicheko kikaanzia kwake mwenyewe. Kiwanja hakikuuzwa. Alipewa sehemu ya mawe upande wa njia ya Guta, ambayo hakuna aliyeilima, akailipia kwa bei ndogo kuliko ile. Zahanati ikapata bati upande mmoja, na upande wa pili tukauezeka kwa nyasi sisi vijana, tukairudia kila ilipovuja. Sikufichi, ilivuja.

Jumapili walipokuja vijana wa Kiabakari, tukajipanga vifua wazi. Kabla ya filimbi tukamwona Bwana Salumu anavuka kiwanja na furushi kubwa la kitambaa. "Duka langu halichezi mpira," akasema, akazibwaga jezi chini. Tulifungwa, lakini tulifungwa tukiwa tumevaa, na aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa yeye.

Sasa sikiliza, diwani wangu. Watakuja watu wazuri na haja nzuri, na mara nyingi haja itakuwa ya kweli. Usiwachukie. Lakini kabla hujanyosha mkono kuuza mahali pa wote pa kuchezea, zunguka kwanza mji kwa miguu yako, uone watoto watafukuzwa wapi na wapi. Ya leo utasema ni kipande tu, na bandu bandu huisha gogo. Shida ya bati ina njia nyingi. Kiwanja kikishaondoka, hata ukiwa na mfuko uliojaa, hakuna atakayekurudishia.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe ulimi usionunulika kwa jezi, akupe watoto wenye mbio na mahali pa kukimbilia, na kamba ya nyumba yako isikose ng'ombe.