Ng'ombe Tasa wa Kwenye Simu

Nilikuwaga na hisa za kampuni mbili, moja ya saruji, nyingine benki. Binti yangu anayekaa mjini, mtaa wa Iringo, ndiye aliyeninunulia kwa simu yake, kwa hela yangu ya pamba. Za saruji zilipanda bei na kila mwaka zilinipa gawio. Za benki zilishuka tu, na gawio sikuliona.

Mvua zikakaribia, na paa langu hapa Butiama linavuja. Nikampigia binti: "Mwanangu, uza za saruji, ninunue mabati."

Wifi yangu wa Mugeta, aliyekuja kunisalimia na habari za hisa zangu anazijua, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Wifi, zizini ungeuza yupi? Anayekamuliwa au tasa?"

"Tasa, bila shaka!"

"Sasa mbona kwenye simu unauza wa maziwa?"

Ng'ombe wote niliowahi kufuga nawakumbuka majina, na anayejaza kibuyu sijawahi kumuuza. Lakini hizi za benki nilizichagua mwenyewe, binti akiwa amekataa. Kuziuza kwa hasara ni kukiri kwamba alisema kweli, kwa hiyo nilikuwa nasubiri zipande kwanza.

"Aibu haizuii mvua, wifi," akasema.

Nikapiga tena. "Acha saruji. Uza benki."

"Si nilikwambia, mama?"

"Ulisema. Haya, cheka, ukimaliza uuze."

Mabati yalitosha chumba cha kulala tu. Jikoni nimetega sufuria, na gawio la saruji likija namalizia.