Ukungu wa Siku Nne

"Yule mzee anatafuta mke," jirani yangu aliniambia tukianika nguo. Jirani huyu tunamwita Mama Redio, maana hazimwi. "Mtu mzima na mvi zake, asubuhi hadi jioni anajitazama kwenye visu! Leo nimemwona, pua imegusa bapa kabisa. Kama si mke, basi ni uchawi. Chagua moja."

"Labda yuko kazini."

"Kazi gani ya kujitazama? Hata mimi ningeiomba."

Nilicheka, nikabana kaptula ya mwanangu kwenye kamba. Lakini lile la pua kugusa bapa halikunitoka. Zamani hakuwa akikisogeza kisu karibu hivyo.

Mwenyewe tulimwita Mzee Kioo. Chumba chake kilitazamana na changu, katikati ua wa saruji na bomba moja la maji. Kazi yake ilikuwa kung'arisha visu vya kukunja, vile vinavyokaa mfukoni. Kunoa, wengi wananoa. Yeye akishanoa makali alishughulikia bapa lote, huku na huku: kwanza msasa wa kukwaruza, kisha msasa laini wa maji, kisha laini zaidi, na mwisho kipande cha mkanda wa ngozi alichokipaka dawa ya kung'arishia. Kisu kimoja kilimchukua siku nzima.

Alikuwa na kipimo chake. Juu ya kasha alisimamisha ukurasa wa gazeti kuukuu, akalaza kisu mbele yake, akaangalia ndani ya chuma. Herufi ndogo zikionekana mle, kichwa chini miguu juu lakini kingo zake safi, kazi imekwisha. Zikiwa na ukungu, anarudi kwenye msasa. Ukurasa wenyewe ulikuwa wa matokeo ya mpira wa miaka mingi iliyopita. "Hawa jamaa nimewaona wakifungwa kila siku," aliniambia, "na hawajifunzi."

Mimi nilijuana naye kwa kisu cha kumenyea matunda ya mtoto. Kilikuwa kimepata vidoa vya kutu, nami nilidhani kutu ni kuchakaa tu. Akanikatalia.

"Kutu ni mgeni, binti yangu. Anatafuta pa kukaa. Chuma chenye mikwaruzo kina viti kila mahali. Kilicholainishwa, maji yanateleza, utomvu unateleza, ukikipitisha kitambaa mara moja kimekauka. Mgeni anakosa kiti, anapita."

Siku hiyo fundi pikipiki wa mtaani alikuwapo, akisubiri kisu chake kinolewe makali tu. Akadakia, "Urembo tu huo, mzee. Changu cha kijivu nakitupa kwenye sanduku la spana, hakuna anayejua kimekwaruzwa wapi. Cha kwako nikikigusa tu, alama ya kidole. Na kiazi kinakiganda kama kupe!"

Nilidhani mzee atakasirika. Alitikisa kichwa taratibu. "Kiazi kweli kinaganda. Na wewe unayekata mipira na nyaya, kaa na kijivu chako, sitakudanganya. Ila kisu kinachoficha mikwaruzo kinaficha na kutu. Mimi napenda kisu kinachosema."

Kisha akanipa changu. Nilipokifungua niliona jicho langu ndani yake, na nyuma ya bega langu kofia ya mwanangu. Sijui niseme nini zaidi. Nina vitu vichache, na kile kilikuwa kizuri.

Basi kuanzia hapo nikawa napita kwake asubuhi kumjulia hali, mtoto mgongoni. Ndipo nikaanza kuona mambo. Chai aliimimina kando ya kikombe. Msasa laini aliutafuta kwa ncha za vidole, ilhali ulikuwa mbele yake. Nikimwambia shikamoo, aligeuza kwanza sikio, ndipo akageuza uso. Niliyaona yote, nikanyamaza. Nilijiambia kumsemea mtu mzima macho yake ni kumvunjia heshima. Leo najua nilikuwa mwoga tu.

Mwezi huohuo mteja wake wa zamani alileta kisu. Ni mama anayeuza miche ya miti ya matunda, nasi tunamwita Mama Miche. Kisu chake ni cha kubebeshea, yaani kukata kikonyo cha mti mmoja na kukiunga kwenye shina la mwingine. Kazi ile haitaki mzaha. Makali yakiparuza, au utomvu wa jana ukibaki kwenye bapa, kidonda cha mti hakifungi. Kilikuwa kisu cha marehemu mumewe. Alikikabidhi akiwa na haraka, akasema tu, "Kama kawaida, mzee wangu," akaondoka.

Siku ya kwanza nilimkuta anakisugua. Ya pili, kile kile. Ya tatu, kile kile. Ya nne nikauliza.

"Kina ukungu," alisema. Sauti ilikuwa imechoka. "Chuma hiki nimekijua miaka yote, hakijawahi kunisumbua. Naondoa ukungu, unarudi. Sijui Mama Miche amekipaka dawa gani."

Nilikipokea, nikakigeuzia mlango ili kipate mwanga. Nilihesabu kope zangu. Mwanangu alichungulia begani, akacheka, na mle ndani ya chuma nikaona meno yake mawili ya chini.

Ningeweza kusema, "Endelea kidogo, babu." Lakini ukungu wenyewe haukuwapo.

"Babu," nikasema, "hiki kinang'aa. Naona meno ya mtoto."

Mkono wake ulikuja, ukachukua kisu, na kidole gumba kikatembea juu ya bapa kutoka ncha hadi kwenye mpini, kikarudi. Kikasimama karibu na mpini.

"Kimekuwa chembamba," alisema. "Tangu lini kinang'aa hivi?"

"Sijui, babu. Labda tangu siku ile ya kwanza."

Alifuta meza ambayo ilikuwa safi.

Mchana Mama Miche alifika, amebeba ndoo ya miche mitatu na vikonyo. "Haya, mzee wangu, nipe mume wangu nikafanye kazi," alitania kama alivyozoea. Alikifungua, akakigeuza, akakigeuza tena. Tabasamu likaondoka kidogo kidogo.

"Herufi ziko wapi?"

Mimi nilikuwa bombani. Nikafunga maji ili nisikie.

"Herufi zipi?" mzee aliuliza.

"Mbili. Za jina lake. Alizichora mwenyewe kwa msumari, hapa, karibu na mpini. Si kila mara ulikuwa unazibandika karatasi ya gundi kwanza, msasa usizifikie?"

Hapo mzee angeweza kusema mengi. Chuma kimezeeka. Zilikuwa zimeshafifia. Nani angembishia, fundi wa miaka yote hiyo?

"Nimezifuta mimi," alisema. "Nilikitazama kabla sijaanza, kama ninavyovitazama vyote. Sikuona kitu, nami nikazisahau. Kwa siku nne nimesugua ukungu, kumbe uko machoni mwangu. Nisamehe, mama."

Mama Miche hakulia wala hakupandisha sauti. Alichukua kikonyo kwenye ndoo, akakikata mshazari, mara moja. Akatazama jeraha lile la kijani. Lilikuwa safi kama limepigwa pasi. Akakifuta kisu kwa ncha ya kanga, akakikunja, akakitia kifuani.

"Kinakata," alisema. Akainua ndoo yake akaenda, wala hakuaga.

Siku mbili mlango wa Mzee Kioo haukufunguliwa. Mama Redio alipata habari mpya: "Si nilikwambia? Mke amepatikana, yuko ndani anamla." Safari hii sikucheka. Nilimwambia, "Jirani, babu haoni." Akaduwaa na nguo mkononi. Jioni hiyo nilimwona akipeleka sahani iliyofunikwa mlangoni kwa mzee, akagonga, akakimbia kama mtoto.

Siku ya tatu nilibisha hodi.

"Karibu, binti yangu. Kaa. Umekuja na mtoto?"

"Nimekuja naye."

Visu vya watu alikuwa amevifunga kila kimoja kwenye kitambaa chake, tayari kurudishwa. Ukurasa wa mpira ulikuwa umelazwa kifudifudi. Aliniambia kwamba mwaka jana alikwenda hospitali kimyakimya. Nesi alimmulika akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, yanafanyiwa upasuaji na watu wanaona tena. Akamwandikia tarehe. Tarehe ilipofika, alitoka kwa mlango wa mbele, akazunguka soko, akarudi.

"Kwa nini, babu?"

"Maisha yangu yote napokea visu vya watu," alisema. "Waungwana, wasafi, wamevaa vizuri. Ukifungua visu vyao, loo! Najua watu wanavyovitunza. Halafu nikalaze jicho langu chini ya kisu ambacho sijakiona?"

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Mtoto alikuwa ameushika mkanda wa ngozi, anautafuna.

"Ningekikagua mwenyewe," aliendelea, "lakini sioni, na ni wewe tu uliyeniambia ukweli." Akafungua droo, akatoa kadi ya hospitali iliyokunjwa mara nne, akainyoosha juu ya goti, akaisogeza upande wangu. "Twende wote, binti yangu. Niombee tarehe nyingine. Na siku hiyo, kabla hawajaniingiza, mwombe daktari akuonyeshe kisu chake. Kigeuzie mwanga. Ukiona kope zako, niambie, nitalala. Ukiona ukungu, usinionee huruma. Nishike mkono unirudishe nyumbani."