Sanda ya Japani

Muuza nguo wa sokoni Lushoto hakuacha kamwe kusugua pindo la kitambaa kwa kidole gumba kabla ya kukipima, kisha kutaja kilikotoka: "Hii Manchesta. Hii Japani, rahisi, na rangi haitoki." Uingereza na Japani, nchi asizowahi kuziona, zilipoingia vitani, meli za nguo zilikoma na rafu zake zikabaki tupu. Kila Zipora, mwalimu wa Gare, alipopita, alimkuta ameketi, kidole gumba kikisugua pindo la kanzu yake mwenyewe. Asubuhi moja, Zipora akiwa hapo dukani, mwanamke kutoka Vuga aliingia akilia. Mama yake alikuwa amefariki, sanda haipatikani, na wanaume walishaanza kufumua magunia ili wamzike nayo. "Pole, mwanangu," alisema muuza nguo. Akainuka kwa shida, akafungua sanduku la bati, akatoa bafta nyeupe aliyojiwekea kwa siku yake. Akalisugua pindo. "Hii Japani," akasema, akampa.

"Na wewe je, mzee?" Zipora aliuliza.

Akalifunga sanduku taratibu. "Hao wakubwa wakipatana mapema, mwalimu, nitapata ya dukani. Wakichelewa, nizikeni na mkeka. Nimeshazoea kuulalia."